Mshono wa Saikal

Kubat alikuwa ameandika mistari kumi na mmoja. Mwalimu Sabirkul aliihesabu mbele ya darasa zima, kidole kikishuka taratibu, kisha akaliinua daftari kwa ncha za vidole viwili kama mtu aliyeokota soksi chafu.

"Nilitaka kurasa tatu. Nimepewa mistari kumi na mmoja, na miwili kati yake ni jina lako na tarehe. Unajua unakoelekea, Kubat?"

Darasa la kumi lilijua. Sabirkul alikuwa amefundisha fasihi katika shule ile ya mji mdogo wa Kochkor kwa miaka ishirini na miwili, na miaka yote hiyo alikuwa na tishio moja tu, ambalo wanafunzi walirithishana kaka kwa mdogo kama koti la shule.

"Chuo cha ufundi!" wakaitikia kwa pamoja.

"Chuo cha ufundi. Ukashike nyundo, maana kalamu imekukataa."

Kubat akajikuna shingo. "Sawa tu, Mwalimu. Huko nitamkuta Saikal."

"Saikal yupi?"

"Wa kwako."

Hakuna aliyecheka bado. Wote walikuwa wakimtazama mwalimu wapate kujua kama inaruhusiwa.

"Kaka yangu yuko kule," Kubat akaendelea, na sasa alikuwa akisema kwa heshima kabisa, jambo lililozidisha ubaya. "Anasema kila Jumamosi Saikal yuko karakana. Anasema anachoma weldi kuwashinda wavulana wote, hata yeye. Na kaka yangu si mtu wa kumsifia mtu."

Hapo kicheko kikaanzia dawati la nyuma kikaja mbele kama maji. Sabirkul akageukia ubao aandike kichwa cha somo. Chaki ikamkatikia mkononi. Akaokota kipande chake, nacho kikakatika.

Kila Jumamosi, kwa mwaka mmoja na nusu, binti yake alikuwa akiaga kwenda masomo ya ziada ya hisabati.

*

Alimkuta uani akivunja makaa ya mawe kwa shoka butu. Matope ya Machi yalikuwa yamepanda mpaka kwenye magoti ya suruali yake. Saikal alikuwa na miaka kumi na saba, darasa la mwisho, mrefu kama mama yake, na kila somo alikuwa na alama ya tano, ambayo juu yake hakuna nyingine.

"Nionyeshe mikono."

Saikal akaliweka shoka chini. Akavua glavu, akanyoosha viganja, kisha bila kuambiwa akavigeuza. Nyuma ya mkono wa kushoto palikuwa na vidoa vidogo vya rangi ya waridi, kama punje za mtama zilizomwagika.

"Uliniambia ni pasi."

"Si pasi, Baba."

"Na hiki kikubwa? Ulisema ni mlango wa jiko."

"Hata hicho."

"Na hisabati je? Nayo ni uongo?"

"Hisabati ipo, Baba. Bila hisabati huwezi kukata bomba kwa pembe." Hakuwa akifanya mzaha, na hilo ndilo lililomchoma Sabirkul zaidi ya mzaha.

Jipara, mkewe, alitokeza mlangoni, unga ukiwa umempanda mpaka viwiko. "Ingieni ndani mgombane. Majirani wana masikio, tena makubwa."

Ndani, Saikal alileta vitu viwili akaviweka mezani: fomu ya ukurasa mmoja na daftari nene la jalada la kijani. Hakukaa mpaka baba yake alipokaa.

"Kwa uongo wa Jumamosi naomba radhi," alisema. "Nilikosa. Kwa mengine hukuwahi kuniuliza."

"Nikuulize nini? Kochkor nzima inajua unakwenda kusoma sheria!"

"Wewe ndiye uliyeiambia, Baba."

"Saikal!" Jipara akamkemea.

"Samahani, Mama. Lakini ni kweli." Akasogeza fomu. "Nilianza kufikiria darasa la tisa. Nilikwenda kwa mshonaji, nikaenda maabara ya maziwa, nikakaa siku mbili kwa fundi umeme. Mwisho nikaingia kituo cha kupasha joto majumba kwa mabomba ya maji moto, pale nyuma ya hospitali. Ilikuwa Januari. Bomba lilikuwa limepasuka, na wazee wawili wamelala chali kwenye barafu wanaliziba, na hospitali nzima inawangoja. Nikajua ni hiyo. Kuunganisha mabomba ya joto. Chuo ni miezi kumi, nalala nyumbani, na ada hakuna."

"Hiyo ni shule ya walioshindwa!"

"Mimi sijashindwa kitu. Ndiyo maana naweza kuchagua."

Katika miaka ishirini na miwili hakuna mwanafunzi aliyewahi kumjibu Sabirkul hivyo, na huyu alikuwa amemzaa mwenyewe.

"Usta Dolotbek, fundi mkuu anayefundisha pale chuoni, anafunga orodha yake Ijumaa ya wiki ijayo," Saikal akasema. "Imebaki nafasi moja. Na msichana hamchukui mpaka mzazi atie sahihi mbele ya macho yake, kwa sababu mwaka jana wawili waliburutwa na baba zao katikati ya somo. Nafasi zao zikapotea bure."

"Basi asisumbuke. Mimi nitaanza kukuburuta mapema."

Akalichukua lile daftari la kijani, akalitia mkobani pamoja na madaftari ya wanafunzi, kama alivyozoea kuwanyang'anya watoto kadi na vioo darasani. Fomu akaiacha mezani. Jipara aliikunja mara nne akaiweka nyuma ya picha ya mama mkwe wake.

*

Jumapili walichinja kondoo. Bakit Osmonovich alikuwa anakuja kutoka Bishkek, mji mkuu, mtu wa makamo, mkubwa wa ofisi fulani katika chuo kikuu kimoja, rafiki wa rafiki, mwenye uwezo wa kumshika Saikal mkono akamvusha mpaka kitivo cha sheria. Ili mgeni asikae peke yake, Sabirkul aliwaalika mwalimu mkuu, majirani wawili na wake zao, na shemeji zake. Pamoja na wenyeji walikuwa kumi na wawili. Asubuhi ile ile, nyama ikiwa bado jikoni, Sabirkul aliigawa kichwani, maana sehemu za kondoo haziwekwi ovyo mbele za watu. Nyonga ni ya mkubwa kuliko wote kwa umri, kisha paja, kisha mbavu, mtu kwa mtu, mpaka mfupa wa mguu wa mbele, ambao ni wa mabinti na wake wachanga. Mtu mzima akiwekewa huo amekwisha kuambiwa yeye ni nani katika nyumba hiyo.

Kwa umri, mkubwa pale angekuwa mwalimu mkuu, lakini mwalimu mkuu alisema mwenyewe, kwa ukarimu, kwamba nyonga apewe mgeni wa mbali. Hesabu ikakaa sawa. Kumi na wawili, sehemu kumi na mbili.

Chai ya pili ilikuwa inamiminwa mbwa alipobweka. Saikal alitoka, akarudi na mzee mfupi mwenye kofia nyeupe ya sikukuu na koti lililokuwa limepigwa brashi sana lakini bado lina harufu ya chuma.

"Nilimwalika mimi, Baba," Saikal akasema. "Kabla sijajua kuna wageni. Mama anajua."

Jipara akalitazama buli kama ndilo lililoulizwa.

"Karibu, Usta, karibu," Sabirkul akasema bila kuinuka. "Kaa popote."

Popote palikuwa karibu na mlango, penye viatu. Usta Dolotbek, mwenye miaka sitini na tisa, akakaa pale. Mahali pa heshima kabisa, mkabala wa mlango, Bakit Osmonovich alikuwa ameegemea mito mitatu.

"Na wewe mzee unafundisha?" aliuliza mgeni wa Bishkek, akitabasamu.

"Nafundisha."

"Somo gani?"

"Mabomba."

Shemeji mmoja akacheka puani. Bakit Osmonovich akamega andazi. "Kazi nzuri, kazi nzuri. Nchi inahitaji mikono pia. Si kila mtu ana kichwa."

"Wewe unakaa ghorofa ya ngapi kule Bishkek, mwanangu?"

"Ya saba."

"Januari kuna joto?"

"Tele! Tunafungua madirisha."

"Na unadhani linapanda ngazi lenyewe?"

Safari hii shemeji alicheka kwa sauti. Jipara naye alicheka, akajifanya anakohoa. Bakit Osmonovich alibaki na andazi mkononi na tabasamu lililokwisha muda wake, na Sabirkul, aliyeona mpango wa mwaka mzima ukitingishika, akapaza sauti akaomba nyama iletwe.

Sinia likaja na mvuke wake. Sabirkul akachutama mbele yake na ndipo akakumbuka. Walikuwa kumi na watatu. Na mzee wa mlangoni alikuwa amempita umri mwalimu mkuu, na kila mtu katika chumba kile, kwa miaka mingi. Nyonga ilikuwa yake. Hata mtoto wa miaka sita angeitoa bila kufikiri.

Mkono wa Sabirkul ulikaa juu ya sinia. Kulia kwake alihisi harufu ya manukato ya Bishkek. Akaichukua nyonga akaiweka mbele ya Bakit Osmonovich. Kisha akagawa kama alivyopanga, haraka haraka, jasho likimtoka, mpaka wote wakapata na sinia likabaki na mfupa mmoja. Ulikuwa ule wa mguu wa mbele, aliomwekea Saikal.

Akampa Usta Dolotbek.

Mwalimu mkuu alishusha macho. Mke wa jirani alivuta pumzi ikasikika. Mzee aliutazama mfupa ule kwa muda ambao mtu angetumia kusoma barua fupi. Alikuwa ameshatoa kisu chake kidogo cha kukunja. Akakikunja, akakirudisha mfukoni, akainua viganja akasoma dua, akapangusa uso.

"Mungu azidishe baraka za kitambaa hiki cha chakula," alisema. "Mabomba ya chekechea yananingoja."

Jumapili, saa nane mchana. Kila mtu alijua chekechea imefungwa. Jipara alimkimbilia mpaka barabarani na nyama ndani ya mfuko, akarudi na mfuko ukiwa umejaa vile vile.

"Wazee wa zamani wana hasira za bure," Bakit Osmonovich alisema, akitafuna. Kisha akaeleza kwamba ada ya sheria ni som elfu hamsini na tano kwa mwaka, miaka mitano, achilia mbali shukrani za watu wa kamati, na kwamba kwa familia ya mwalimu hiyo si fedha ya kutisha. Sabirkul aliitikia kwa kichwa. Uani ng'ombe wao mmoja alikuwa analia apewe maji.

Wageni walipoondoka, Saikal alikusanya sahani. Alipofika kwenye ule mfupa alisimama.

"Yule mzee ana miaka sitini na tisa, Baba. Umemhesabu kama mimi."

*

Jumatatu baada ya shule Saikal alipitia chuoni, akarudi upesi. Akavua viatu, akanawa, akakaa.

"Usta amekataa," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu na sawa. "Amesema hana ugomvi na mimi. Amesema nyumba iliyomwambia yeye ni mtoto haiwezi tena kumwambia inampa mtoto wake amfundishe. Nafasi ataifungua kwa mwingine."

"Ni kiburi hicho," Sabirkul akasema.

"Kiburi kipo. Na haki ipo." Akavuta kitabu cha maswali ya mtihani wa kitaifa, akakifungua ukurasa wa kwanza, akachonga penseli. "Nitafanya mtihani, Baba. Nitasoma sheria. Umeshinda."

Sabirkul alikuwa ameungoja ushindi huu tangu Jumanne iliyopita. Ulipomfikia hakujua auweke wapi. Jioni ile na iliyofuata binti yake alikaa pale pale, akijibu maswali arobaini kwa saa, hakosei hata matatu, hanuni, hatupi kitu, hapigi mlango. Angepiga mlango, baba angepumua.

*

Jumatano, saa ya tatu ya masomo, Sabirkul hakuwa na kipindi. Alikaa chumba cha walimu na rundo la madaftari na kalamu yake nyekundu. Alisahihisha la kwanza, la pili, la nane. La tisa lilikuwa la kijani. Mkono ukalifungua kwa mazoea, kalamu nyekundu ikiwa tayari.

*Septemba 14. Leo nimeharibu vipande vinne. Usta anasema ninaufuata moto. Moto una haraka. Nyuma yake kuna dimbwi dogo la chuma kilichoyeyuka, hilo ndilo la kuangalia. Linapanuka, linatulia, linaganda. Kabla halijaganda songa. Kipande cha tano kimeshika. Usta alikigonga kwa nyundo magamba yakadondoka, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, akawaacha wavulana waniangalie.*

Kalamu haikugusa karatasi. Akafungua mbele.

*Novemba 30. Kochkor mafundi wa mabomba ya joto waliobaki ni saba. Wawili wamepita miaka sitini. Waliobaki watano, mmoja anafunga mizigo aende Urusi. Nyumba zinazopashwa na kituo ni mia nne na kumi, shule mbili, hospitali moja. Nimezihesabu kwa miguu.*

*Januari 9. Mpango. Miezi kumi ya chuo. Miaka miwili kituoni, zamu ya mchana. Kisha uhandisi wa joto jioni, nikiwa na mshahara wangu. Fundi wa daraja la nne hulipwa kuliko Baba. Baba alisoma miaka mitano, na usiku hupata saa tano tu za usingizi kwa ajili ya insha za watu. Hili simwambii. Wala sitaki likafanywa hoja.*

*Februari 2. Bomba likishonwa vizuri hakuna anayejua kuna mtu alipita pale. Watu wanakaa tu, wana joto. Napenda hivyo.*

Sabirkul alisoma mpaka ukurasa wa mwisho, kurasa tisini na mbili. Katika miaka ishirini na miwili alikuwa amewasahihisha watoto wa mkuu wa wilaya, washindi wa mashindano ya mkoa, wasichana waliojua kutaja mwezi na maua katika kila sentensi. Hakuwahi kushika daftari ambalo kila neno lake lilikuwa limebeba mzigo wake. Aliona mahali pamoja tu palipokosa koma. Akaiweka, kwa sababu ndiyo kazi yake. Kisha akafunga kalamu. Alikuwa na tano za kutoa, lakini tano ilikuwa ndogo, na hakukuwa na mahali pa kuiandika.

Kengele ikalia. Mwalimu wa jiografia akamwuliza kama anaumwa macho.

"Vumbi la chaki," akajibu.

*

Alhamisi mchana alivaa koti lake la suti akaenda chuoni kwa miguu. Hakuwahi kukanyaga pale, ijapokuwa alikuwa amewapeleka watu wengi kwa mdomo. Karakana ilikuwa banda refu lenye sakafu nyeusi. Wavulana kumi na sita waliinua ngao za uso kwa pamoja, na Sabirkul akaona kwamba anaijua zaidi ya nusu ya nyuso zile.

"Mwalimu!" akaita mmoja mwenye masikio makubwa, kaka yake Kubat. "Hata wewe umefeli?"

Banda likalipuka. Sabirkul akasimama katikati ya kicheko kile, mkoba kifuani, masikio yakiwaka. Alikuwa na majibu, mwalimu wa fasihi hakosi majibu. Akayameza moja moja.

"Nimefeli, Azat," akasema. "Yuko wapi mwalimu wenu?"

Usta Dolotbek alikuwa amepiga magoti kwenye kona akipima bomba. Alimwona, akamaliza kupima, akaandika kipimo kwa chaki, akanyanyuka taratibu. Hakumpa kiti. Kiti hakikuwapo.

"Kama ni fomu, nimeshamjibu msichana."

"Si fomu kwanza." Sabirkul akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Huko kwao kosa lililofanyika mbele ya watu haliombewi radhi chumbani. Linahitaji macho yasiyopungua yale yaliyoliona, na kwa hiyo alipaza sauti yake ile ya darasani, ifike mpaka mlangoni. "Jumapili uliingia nyumbani kwangu, umenizidi miaka kumi na minane, nikakukalisha penye viatu. Nyonga ilikuwa yako, nikampa mtu niliyekuwa namwogopa. Nikakupa mfupa wa binti yangu. Sikukosea kuhesabu, Usta. Nilijua, na mkono wangu ulijua. Walioona walikuwa kumi na mmoja. Hapa ni kumi na sita. Nimekuja kusema nilikosa adabu."

Sasa hakuna aliyecheka. Azat alikuwa akiangalia ncha za viatu vyake.

Usta Dolotbek alijipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Vaa kofia, Mwalimu. Humu kuna baridi." Kisha, alipoona imevaliwa: "Radhi nimeipokea. Nafasi ni jambo jingine. Jana nilimwahidi mtoto wa Toktobek, aje kesho."

"Na ahadi haivunjwi?"

"Nimemwahidi aje ajaribiwe. Sijamwahidi nafasi. Na wako ajaribiwe, leo, kwa bomba lile lile na sheria ile ile. Tena kwa kweli: nitaweka maji ndani mpaka nguvu yake ifike kumi kwenye kipimo, nisubiri dakika kumi. Likitoa tone, aende kwenye sheria zenu. Binti yako yuko nje. Kila siku saa hii anapita upande wa pili wa barabara, anatazama hili banda, anakwenda zake."

Sabirkul akatoka mbio kama mtoto. Saikal alikuwa kando ya ukuta wa duka, begi mgongoni, kitabu cha maswali mkononi. Alipomwona baba yake akitokea karakana rangi ilimtoka usoni.

"Umegombana naye?"

"Nimeomba radhi. Anataka kukujaribu. Sasa hivi." Akafungua mkoba, akampa daftari la kijani. "Nimelisoma. Lote."

Saikal alilishika bila kulitazama. "Hata Januari?"

"Hata Januari. Nenda, mwanangu, wanakungoja."

Aliingia, akavua koti, akafunga nywele, akavaa glavu. Alichagua vijiti vyake vya kuchomea kimoja kimoja akivigeuza mwangani. Alizipiga tupa ncha mbili za bomba mpaka zikang'aa, akaacha mwanya wa upana wa ukucha kati yake, akaupima, akaupima tena. Wavulana wakasogea. Kisha akainamisha kichwa ngao ikashuka, na mwanga wa buluu ukawaka kiasi kwamba Sabirkul aligeuza uso ukutani akabaki kusikiliza: mlio mkavu, wa namna moja, kama mafuta ya kondoo yanayokaangwa taratibu. Haukukatika wala haukupanda. Akajikuta anahesabu mapigo yake kama anavyohesabu mizani ya shairi, na hakuna lililoanguka nje.

Saikal aligonga magamba yaliyofunika mshono. Usta akapitisha kidole gumba. Wakafunga ncha zote, wakajaza maji, wakapampu, sindano ya geji, kile kipimo cha nguvu ya maji, ikapanda mpaka kumi. Usta akavua saa yake ya mkononi akaiweka juu ya meza.

Dakika ya nne Azat alipiga chafya, wenzake wakamtazama kama muuaji. Dakika ya saba Saikal alikaa chini sakafuni, magoti kidevuni, macho kwenye mshono. Sabirkul hakuangalia mshono. Alikuwa akimwangalia yeye, jinsi asivyoomba, asivyotafuna midomo, jinsi anavyongoja kama mtu aliyemaliza kazi yake na sasa ni zamu ya maji kufanya yao.

Dakika ya kumi Usta akavaa saa. Akapangusa bomba lote kwa karatasi nyeupe, akaiinua juu. Ilikuwa kavu.

"Mtoto wa Toktobek kesho nitamweka kwenye useremala," alisema. "Ana mkono mzuri wa mbao. Fomu iko wapi?"

Ilikuwa katika mfuko wa ndani wa koti la Sabirkul, imekunjwa mara nne. Jipara ndiye aliyeitia mle asubuhi, na yeye Sabirkul aliigundua njiani. Akaiweka juu ya chuma, akaisawazisha kwa kiganja, akatia sahihi pole pole, jina lote, kama anayeandika ubaoni watu wakanakili. Usta akaisoma, akaikunja, akaitia kwenye boksi la vijiti.

"Basi. Jumamosi saa mbili, kama kawaida. Na sasa kwa kuwa upo," akamgeukia Saikal, "lile bomba la chekechea, lile pale kwenye kona, halijaisha kweli. Mshono wa chini umebaki, na mashine zote za kubana zina kazi."

"Nitahitaji mtu wa kunishikia."

"Azat ana chafya," akasema Usta. "Mwalimu, una haraka?"

Wakampa glavu zilizomzidi. Saikal alimweka mahali pake, akamsukuma bega kidogo, akamwinua kiwiko kwa kidole kimoja.

"Hapo, Baba. Lishike lisizunguke. Geuza uso. Likipata moto utalisikia, lakini usiachie."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka niseme."

Bomba lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Aligeuza uso. Mbele yake ukuta uliwaka buluu, na ndani ya chuma ukaja mtetemo mwembamba, ukapita kwenye glavu, ukaingia mifupani. Mikono yake, iliyokuwa haijabeba kitu kizito kuliko rundo la madaftari, ilianza kuuma begani, kisha mgongoni. Joto likaanza kutambaa kuja kwake.

"Umechoka, Baba?" sauti ikauliza chini ya ngao.

"Choma," akasema Sabirkul, akakaza mikono. "Choma, mwanangu. Nimeshika."